Shamba Lililonyolewa

"Katika shamba hili la baba halitaota gugu nikiwa hai. Mkiliona hata moja, njooni mnichape."

Baba Mdogo aliyasema hayo hadharani, kando ya kaburi bichi la Babu, mbele ya watu mia tatu na ushee, na wengine kati yao walikuwa wamekosa pa kusimama wakaishia kwenye maharage ya jirani. Hakuna aliyemwomba aape. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwashukuru waliochimba kaburi na waliotoa maturubai, basi, akae chini. Lakini kilio kilikuwa kimempanda kichwani, na kipaza sauti kilikuwa mkononi. Baba yangu, ambaye ndiye kaka mkubwa, alimvuta koti kwa nyuma. Alichelewa. Watu walishaanza kuguna kwa kukubali, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mtoto."

Wakati huo Baba Mdogo alikuwa na miaka thelathini na tisa na kibanda cha kutengeneza cherehani mjini, saa nne kwa basi kutoka nyumbani. Ukiingia kibandani unakuta meza nyeusi kwa mafuta, mikebe ya maziwa ya unga imejaa skrubu, na vichwa vya cherehani vimelazwa ubavu vikingoja zamu kama wagonjwa wa zahanati. Alikuwa akizungusha gurudumu mara moja, anainamisha sikio, anakwambia ugonjwa. Na hakuna cherehani iliyotoka pale na vumbi. Alikuwa na mswaki wa meno wa kusugulia pembe ambazo hata mwenye mashine hakujua kwamba zipo. Uchafu ulikuwa unamnyima usingizi. Hilo mliweke akilini, kwa sababu ndilo lililompeleka alikokwenda.

Mkulima hakuwa. Hakuwahi kuwa. Babu aliwafukuza wanawe wote wawili shambani wakingali wadogo. "Jembe ni la mimi nisiye na pa kwenda," alikuwa akisema. "Ninyi mna akili, nendeni mkakae kwenye viti." Baba yangu alikwenda bila kugeuka nyuma, akawa karani, na mpaka leo akikanyaga tope anaangalia kiatu kwanza. Baba Mdogo ndiye aliyesumbua. Kila likizo alikuwa anajipenyeza kwenye mahindi ili ashike jembe, na kila mara Babu alimnyang'anya. Alipofika miaka kumi na mitano, Babu alimkimbiza na mpini mpaka barabarani, akampakia kwenye basi, akamlipia nauli na kumwambia utingo asimteremshe hata akilia. Bibi alituhadithia kwamba siku hiyo Babu alirudi ndani, akajifunika shuka, akasema ana homa. Hakuwa na homa.

Kwa hiyo Baba Mdogo alilipenda shamba lile kama mtu anavyompenda mchumba wa dirishani. Alilijua sura. Tabia yake hakuijua.

Msimu wa kwanza baada ya mazishi alipanda mahindi. Cherehani hazikumpa nafasi, na aliporudi baada ya wiki saba alikuta mahindi yamefika gotini na magugu yamefika kifuani. Watu walewale wa mazishini walipita barabarani wakatazama upande wa pili kwa adabu, na ile adabu ilimuuma kuliko matusi. Msimu wa pili mambo yakawa yaleyale, safari hii na nyani juu yake. Msimu wa tatu akapata dawa. Hakupanda kitu. Alikokotoa kifundi kabisa: usipopanda huna cha kuliwa na nyani, na ukilima mara tatu kwa mwaka na kung'oa kila kinachochungulia, shamba linabaki safi kama meza iliyofutwa. Kiapo kilisema gugu. Mahindi hayakutajwa.

Ikawa hivyo. Miaka kumi na saba.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi alikuwa anashuka basi la asubuhi, anaingia kwenye chumba cha Babu, anavaa mabuti ya Babu. Yalikuwa makubwa kwake, akawa anayajaza vipande vya nguo alivyopewa na mafundi cherehani mjini. Kisha anateremka na gunia begani, anapita msitari kwa msitari, anang'oa. Ekari mbili na nusu za mteremko, kutoka barabarani mpaka karibu na bonde. Mtu akimwona kwa mbali angedhani amepoteza sarafu. Wakati wa kulima alikuwa anakodi vijana, anasimama nyuma yao, na wakiacha kishungi cha nyasi kwenye mpaka anawaita warudi. Kijijini wakampa jina, Wembe. Akishuka tu kwenye basi, utasikia mtu dukani: "Wembe kafika, leo ardhi inanyolewa." Mbele yake walimwita fundi.

Kuna jambo moja la mwaka ule wa tatu ambalo lazima niliseme, ingawa ndilo linalotukalia vibaya kooni sisi wa ukoo. Babu alikuwa ameacha mistari minne ya nyasi ndefu katikati ya shamba, imekatiza mteremko kutoka mpaka huu hadi ule. Baba Mdogo aliitazama, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mzee alichoka," alisema. "Hapa nguvu zilimwishia, akawa anaruka." Akaleta vijana wanne. Wakaing'oa yote, mizizi na vyote, siku mbili, mikono ikawatoka malengelenge. Ilipokwisha alikwenda kaburini, akavua kofia, akasema, "Nimekumalizia, baba." Tulikuwepo. Hakuna kati yetu aliyejua kitu. Aliyejua alikuwa chini.

Mteremko ule ulikuwa na mashamba saba ya familia saba. Wazee walivyokuwa wakiondoka mmoja mmoja, na mashamba yakawa yanaondoka. Watoto wa muuguzi, tuliopakana naye, walihamia mbali, shamba lao likawa kichaka ambacho hata mbuzi akiingia anaitwa kwa jina ndipo atoke. La mwalimu likafuata. Baba Mdogo alikuwa anasimama mpakani, mikono kiunoni, anayatazama vile mtu anavyotazama mlevi aliyelala mtaroni. "Wamemtupa mzee wao," alikuwa akisema. Na kwenye mikutano, mwenyekiti akitaka kuwasema vijana, alinyoosha kidole kuelekea shamba letu: angalieni yule, yuko mjini na shamba lake halina hata jani. Watu walitikisa vichwa. Ni kweli halikuwa na jani.

Walikuja waliotaka kukodi. Aliwajibu kwamba mtu wa kukodi halimi, anachuma. Jirani yetu mmoja, mjane tunayemwita Mama Mbuzi kwa sababu zinazoonekana na kusikika, aliomba aache sehemu ya chini iote nyasi, mbuzi wake wale, yeye alete samadi.

"Shemeji," Baba Mdogo alimwambia, "unataka nikaruhusu nyasi kwa baba yangu?"

"Nataka mbuzi wale, shemeji. Baba yako alikuwa hana ugomvi na mbuzi."

"Mimi ndiye niliyesema mbele ya watu."

"Haya," alisema Mama Mbuzi. "Mbuzi hawakuwepo."

Sasa aingie Kamanda. Huyu ni binti wa pili wa Baba Mdogo, aliyepewa jina hilo akiwa na miaka minne kwa kuwapanga wageni mahali pa kukaa. Alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye duka la pembejeo, anauza mbegu na mbolea na kuwaelekeza wakulima wanaomzidi umri mara mbili. Asubuhi moja akaingia kibandani kwa baba yake, akasimama kati ya zile cherehani za ubavu.

"Baba, mkataba wangu umeisha."

"Watakupa mwingine."

"Sitaki mwingine. Nataka shamba la Babu."

Akaweka bisibisi mezani. "La kufanyia nini?"

"La kupanda."

"Kupanda nini?"

"Shamba linapandwa nini, baba? Cherehani?"

Alicheka mpaka akachukua kitambaa kujifuta uso, na kilikuwa kile cha mafuta, akabaki na uso mweusi siku nzima. Wateja walimwambia, hakujali. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amelifagia shamba lile bila kujua anamfagilia nani, na sasa mgeni amebisha hodi, tena mwanawe mwenyewe. Alifunga kibanda siku tatu. Hakuwahi kukifunga siku tatu, hata alipooa. Akampeleka Kamanda juu ya mteremko, akanyoosha mkono kama mtu anayeonyesha nyumba mpya.

"Hutakuta hata mzizi mmoja," alimwambia. "Nimekutunzia."

Kamanda aliinama, akateka udongo kiganjani. Ukapita kati ya vidole, mwekundu, mwepesi, zikabaki changarawe. Aliufumba mkono. Alituambia baadaye kwamba alitaka kusema kitu, lakini alipoinua macho akamwona baba yake amevaa mabuti ya Babu na amenyoa ndevu.

Alipanda mahindi na maharage, kwa mbolea aliyojua kuichagua. Mvua ilikuja wiki ya tatu, ikapiga kwa saa mbili mchana kweupe, na maji yakateremka kwenye mistari yake yakichukua mbegu kama watoto wanaoshuka bembea ya kuteleza. Alirudishia. Yaliyobaki yalitoka ya manjano, yakafika gotini, yakasimama hapo kama yaliyoambiwa yangoje. Alivuna debe moja na nusu. Baba Mdogo alisema ni mbegu. Akasema ni mwaka. Akasema labda duka la Kamanda lilikuwa linauza mbolea ya uongo, na hapo Kamanda akatoka nje ili asimjibu baba yake.

Kilichotufumbua macho ni kaburi.

Siku zote tulikuwa tunasema kaburi la Babu linainuka. Lilijengwa kwa matofali ya saruji, limepigwa plasta, na kila mwaka lilionekana kusimama juu zaidi, hasa upande wa bondeni. Wageni walisifu. Baba Mdogo alilipenda jambo hilo, alikuwa akisema, "Mzee anataka kuona vizuri." Mwaka ule upande wa chini ulitoa ufa, Kamanda akamwita fundi mwashi aliyelijenga, mzee sasa, jicho moja limeingia mtoto. Mwashi alichuchumaa, akapapasa ukuta, akapapasa tena.

"Kozi hii ya matofali mimi sikuipiga plasta," alisema.

"Kwa nini hukuipiga?" Baba Mdogo aliuliza, tayari kwa ugomvi, maana fundi kwa fundi hawaoneani aibu.

"Kwa sababu ilikuwa chini ya ardhi, fundi. Nani anapiga plasta chini ya ardhi?" Akaweka kidole pale plasta ilipoishia, kwenye msitari ulionyooka kabisa. "Ardhi ilikuwa hapa." Akashuka kwa shibiri kutoka pale mpaka lilipo vumbi. Shibiri moja na nusu, na kidogo. "Kaburi halijainuka," alisema. "Kaburi haliwezi kuinuka. Ninyi ndio mmeshuka."

Kamanda alipiga magoti, akalaza kiganja kwenye ule msitari wa plasta, akatazama shamba lote kwa usawa wa mkono wake, kutoka pale mpaka mpakani. Kila mtu alifuata macho yake. Kwenye mpaka, kichaka cha muuguzi kilikuwa kimekaa juu yetu kama kibaraza. Miaka yote tulidhani shamba lao lilikuwa na kilima.

Mama Mbuzi alikuwa amesimama na kamba mkononi. Akasema polepole, "Ile mistari ya nyasi, shemeji, mzee aliipanda. Marehemu mume wangu alimsaidia kubeba miche. Ilikuwa ya kushika maji."

Baba Mdogo alimtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unang'oa huku unalia. Ningekwambia kwa mdomo upi?"

Alikaa juu ya ukingo wa kaburi, kitu ambacho sisi wengine tungekemewa. Mabuti yalikuwa hayafiki chini. Kamanda akamsogelea, akaanza kwa sauti ile ya dukani, ya kumwelekeza mteja bila kumdhalilisha.

"Baba, dawa ipo. Turudishe mistari ya Babu, halafu tuliache. Miaka minne, mitano. Lijiotee."

"Lijiotee nini?"

"Chochote. Nyasi. Magugu. Yashike kilichobaki."

"Kamanda, mimi nilisema mbele ya watu."

"Nusu yao wamekufa, baba. Na nusu waliobaki wanakuita Wembe."

Ilimtoka. Mwashi akajifanya anatafuta mwiko wake. Baba Mdogo akamgeukia Mama Mbuzi, akarudi kwa binti yake.

"Wananiita nani?"

Aliangalia mikono yake, na nilimwona akisugua kucha moja kwa nyingine kama kuna vumbi anatafuta. Kisha akasema, bila hasira, na naomba msimcheke kwa hili, "Kaka alipewa shule. Mimi nilifukuzwa kwa mpini. Baba hakunifundisha kulima hata tuta moja. Nilichonacho mimi kwenye shamba hili ni lile neno nililosema. Nikiliacha liote, nitakuja hapa kama nani?"

Kamanda alisema, "Kama mtoto wake."

"Watoto wake ni wawili," alisema Baba Mdogo, "na mmoja wao hata hashuki kwenye gari."

Baba yangu hakuwepo, alikuwa mjini. Nilikuwepo mimi, na sikuwa na la kumtetea.

Mwezi uliofuata alikuja na gunia lake kama kawaida, akang'oa. Kamanda hakugombana. Aliwapigia simu watoto wa muuguzi, wakafurahi kwamba bado kuna mtu anakumbuka wana shamba, akakodi kile kichaka. Hakukisafisha chote, alifungua vipande na kuacha mikanda ya nyasi katikati, na udongo uliotoka pale ulikuwa mweusi, unanata kwenye jembe, una minyoo. Msimu wa kwanza tu mahindi yalimpita kimo. Shamba lililotupwa miaka kumi lilikuwa linalisha nyumba mbili, na lile lililopendwa kila mwezi lilikuwa linatoa vumbi. Mama Mbuzi alimtania Kamanda kwamba amefanikiwa kwa uvivu wa wengine. Kamanda alicheka, ila si sana, maana baba yake alikuwa upande wa pili wa mpaka, anafanya kazi akiwa amewapa mgongo.

Kamanda alimpa baba yake gunia la mahindi apeleke mjini. Mama Mdogo, mkewe, alituambia lilikaa nyuma ya mlango wiki sita bila kufunguliwa. Wiki ya saba alimkuta amelifungua mwenyewe, amechovya mkono mpaka kwenye kiwiko, ameuacha humo.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, ufa wa kaburi ulikuwa unaingiza vidole vitatu, na upande wa chini ulikuwa umeanza kuinama. Baba Mdogo akamwita mtu wa lori anayeuza udongo. Jamaa alifika saa nne asubuhi, kijana mcheshi, kofia nyuma-mbele, akapanda mteremko akihema. Akatazama kaburi, akavua kofia, akalizunguka.

"Hapa kujaza mpaka kwenye msitari, mzee, tripu tatu zinatosha. Kama ni shamba lote, hapo tunaongea habari nyingine."

"Tuanze na hapa. Udongo wako ni wa wapi?"

"Wa karibu, ndiyo maana nawashinda wenzangu bei. Nachimba hapo bondeni, mwisho wa shamba lenu. Udongo wa pale hauna mfano. Wenye vitalu vya maua mjini wanaugombania."

Baba Mdogo alitazama bondeni. "Umeanza lini kuchimba pale?"

"Mwaka wa nane huu. Hauishi, mzee. Nachimba, mvua inapita, nakuta pamejaa tena."

Kamanda alikuwa mpakani na jembe, hatua kumi kutoka kwetu, anasikia kila neno. Yule kijana alipiga ardhi kwa kisigino, likatoka vumbi, akasita, kisha akasema, "Lakini nikwambie ukweli, ingawa ni biashara yangu. Ukimwaga udongo hapa bila kupanda majani ya kuushika, mvua mbili tatu nitakuwa nauchota tena kule chini."

"Nimesikia."

"Yaani hata nyasi tu, mzee. Pembeni pembeni hivi."

"Nimesikia, kijana. Nitajie bei."

Tripu moja, kupakia na kushusha, elfu sitini.